Maduka makubwa ya elektroniki Mtwara, kona ya vinanda mmeiua wenyewe halafu mnasema "watu wa huku hawanunui"!

Wakuu habari za usiku. Moderata, uzi huu msiuhamishie kule kwenye burudani. Naongelea biashara na hela za watu.

Mimi ni mwalimu, na Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya moja ya kanisa hapa Mtwara mjini. Jana jioni nimeingia kwenye duka moja kubwa la elektroniki (silitaji, wenyeji mtajijua) kuulizia kinanda. Pale palipokuwa na vinanda nimekuta majokofu ya kugandishia yamepangwa mstari, na juu yake zile mashine za kukaangia chipsi bila mafuta. Nikamuuliza kijana wa dukani vinanda vimehamia wapi. Akanijibu macho yake yakiwa kwenye simu:

"Mzee, hivyo tulishaacha kuleta. Watu wa huku hawanunui."

Nimeondoka bila kusema neno kwa sababu nilikuwa na mwanafunzi wangu na sikutaka anisikie. Lakini saa nane hii ya usiku usingizi hauji, kwa hiyo mtanivumilia.

Watu wa huku hatununui? Nani alinunua basi?

Wa umri wangu mtakumbuka ile miaka ya vuguvugu la gesi, 2012 mpaka 2014 hivi, mji ulipojaa wageni na kila fremu kubwa ikageuka duka la tv. Duka hili lilikuwa na kona yake ya muziki. Vinanda saba au nane juu ya stendi, magitaa ya solo na besi ukutani, mixa, maiki, kebo za jeki, mpaka nyuzi za gitaa ulikuwa unauziwa moja moja kama umekatikiwa na moja. Na kulikuwa na kaka mmoja, kazi yake kona ile tu. Naye ni mpigaji. Ukifika na hela ya kwaya mkononi hakimbilii kukuandikia risiti. Anakuuliza kwanza: mwalimu, mko waimbaji wangapi? Spika mnazo za aina gani? Umeme ukikatika katikati ya misa mnafanyaje? Siku moja alinikatalia kinanda cha bei ya juu nilichokuwa nimekipenda. Akasema spika zenu hizo hazitaisikilizisha sauti yake, chukua hiki cha chini, hela inayobaki nunua stendi na pedali. Kinanda kile tulikipiga miaka tisa. Misa, harusi, misiba, mikesha, hadi mahafali ya shule tatu tofauti.

Halafu zikaja akili mpya za ofisini. Kaka wa kona wakampeleka kaunta ya simu, eti simu zinatoka haraka. Kona ikawa ya yeyote aliye karibu. Magitaa yakahamishiwa kwenye kioo cha mbele, yanapigwa jua la Mtwara kutwa nzima, na hewa yetu hii ya chumvi. Baada ya miezi michache nikajaribu moja: shingo imepinda, nyuzi zimeinuka juu kama waya wa kuanikia nguo, ukibonya kidole kinaacha alama. Hapo panatakiwa mtu wa kuinyoosha shingo kwa kuzungusha spana ya L kidogo tu, dakika kumi kazi imeisha. Hayupo. Linakaa mwaka, bei ileile, halafu mnaandika kwenye daftari kwamba magitaa hayatoki. Nani anunue upinde?

Sasa sikieni ya kwangu.

Kwaya yetu haina mfadhili. Hela kubwa inakuja mara moja kwa mwaka, minada ya korosho ikishalipa. Huyu anaahidi kilo kumi, yule nusu gunia, wa mjini wasio na mikorosho wanatoa taslimu. Kuna mama wa sauti ya pili alikuja na elfu sita imefungwa kwenye pindo la khanga akasema nyingine atamalizia Pasaka, na akamalizia. Desemba ya mwaka juzi tulifikisha 820,000. Nikatumwa mimi na mweka hazina.

Tumefika dukani, kinanda kimebaki kimoja, kimevalishwa nailoni. Naomba kiwashwe. "Haturuhusiwi kukiwasha, ukinunua ndiyo tunafungua boksi." Nikamwonyesha ukutani, kuna tv kumi na mbili zinawaka zote, tena zinaonyesha samaki wale wanaogelea kutwa. Kwa nini tv iwashwe na kinanda kisiwashwe? Akasema adapta yake haionekani. Nikamwambia kinatumia na betri. Akasema betri hatuna. Nikatoka, nikavuka barabara, nikanunua betri sita kwa hela yangu, nikarudi jasho linanitiririka. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaniambia, "Mwalimu, ukishazitia betri hicho si kipya tena."

Mnaona? Anayewauzia watu vyombo vya muziki anaamini chombo kikitoa sauti kimeharibika.

Tulinunua, kosa letu hilo nakiri. Krismasi ilikuwa imebaki siku tisa na mweka hazina alishachoka. Boksi halikuwa na adapta, kijana akaingia nyuma akatoka na moja ya king'amuzi, akasema "hii inaingia". Ikaingia kweli. Nyumbani nikachomeka, taa ikawaka kufumba na kufumbua, ikazimika. Nikahisi harufu ile ambayo kila aliyewahi kuunguza redio anaijua.

Nikakipeleka kwa fundi redio sokoni. Hakukifungua hata. Alikigeuza chali, akafuta vumbi kwa kidole gumba karibu na tundu la umeme, akaniita niiname. Kuna kialama kidogo pale, kiduara chenye nukta katikati, upande mmoja kujumlisha, upande mwingine kutoa, na pembeni yake maandishi: volti 9. Halafu akanionyesha adapta ya king'amuzi: volti 12, na ncha ya katikati chanya, wakati kinanda kinataka katikati hasi.

"Mwalimu, nani kakupa hii?"

"Dukani."

"Basi wameshakiua kabla hujakipiga."

Wasiojua: vinanda haviko sawa. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na katikati hasi, Yamaha nyingi za jamii ya PSR ni volti 12 na katikati chanya. Tundu linaweza kulingana kabisa, umeme ukawa kinyume. Kaka wa kona alikuwa anajua hili bila kuangalia. Wakati huo yuko mita nane kutoka pale anabandika vioo vya simu, na hakuna aliyemuuliza.

Nimerudi na risiti ya EFD na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Jibu: waranti haihusu kuunguza kwa umeme, mteja ametumia adapta isiyo yake. Isiyo yangu! Nimewaambia adapta mmenipa ninyi. Wakasema haipo kwenye risiti. Ni kweli haipo, alinipa bure, mwenyewe nikamshukuru.

Sasa 820,000 ipo juu ya kabati sakristia imefunikwa kitambaa. Mama wa elfu sita kila Jumapili ananiuliza, "Mwalimu, kinanda chetu vipi?" Mimi nasema fundi anasubiri kifaa.

NAONGEZEA, baada ya kusoma michango ya mwanzo:

Mmoja ameniambia hata Marekani haya maduka yamekufa, kwa hiyo niache kulialia, ndiyo dunia inavyokwenda. Sawa, tuiangalie hiyo Marekani. Best Buy, hao wa tv na kompyuta, mwaka 2008 walianza kuweka idara nzima za vyombo vya muziki ndani ya baadhi ya maduka yao, miaka michache baadaye wakaziondoa. Mshindani wao Circuit City alifilisika mwishoni mwa 2008 hiyohiyo, kufika 2009 milango imefungwa. Hata wa muziki mtupu hawakupona: Guitar Center walikimbilia mahakamani kujikinga na wadai wao Novemba 2020, wakatoka na wanaendelea, ila Sam Ash, walioanza Brooklyn 1924, wamefunga maduka yote 2024. Miaka mia moja.

Lakini kule kilichowabana ni intaneti na madeni. Mteja hakupotea, alihamia kwenye kuagiza. Duka likifungwa anabonya simu, mzigo unafika mlangoni, usipompendeza anaurudisha. Mimi wa Mtwara nimehamia wapi? Nimehamia Kariakoo kwa picha za WhatsApp. Unatumiwa picha, unatuma hela, unasali. Kinanda kinapanda basi, kilomita mia tano na sitini hivi, kwenye buti pamoja na ndoo za rangi na matairi ya bodaboda. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile na barabara ikakatika kule Somanga, kuna jamaa wa bendi ya harusi Lindi mzigo wake ulilala njiani na harusi ikapigwa kwa flashi. Na kikifika kibovu, kukirudisha ni nauli nyingine na maneno mengine. Kwa hiyo msinilinganishe na mtu wa Chicago. Yeye kapoteza duka. Mimi nimepoteza sehemu pekee ya kugusa kitu kabla ya kukilipia.

Mwingine anasema vijana siku hizi muziki wote wanaufanyia kwenye laptop. Kweli, hata wanafunzi wangu wapo wenye FL Studio, ile programu ya kutengenezea muziki, wanatengeneza singeli balaa. Waulize sasa wanachotafuta ni nini: kibodi ndogo ya MIDI (ile ya kuchomeka kwenye laptop), saundi kadi, hedifoni za maana, maiki ya kurekodia. Nendeni mkaviulize kwenye duka hilo. Mtaonyeshwa maiki ya elfu thelathini imeandikwa SM58, ile maiki maarufu ya kampuni ya Shure, hata uzito wa Shure halisi haina. Hao vijana nao ni "watu wa huku hawanunui"?

Na huyu aliyeandika kwamba Kusini muziki wetu ni ngoma tu, vinanda vya nini: kaka, ngoma tunazo, sindimba hatujaazima kwa mtu. Lakini Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, na bibi zetu waliimba misheni kwa vinanda vya kukanyaga kwa miguu kabla hawajaona swichi. Taarabu za mjini hapa nazo zinapigwa na nini, kwa filimbi? Soko lipo tangu enzi hizo. Hesabu parokia, usharika na vikundi vya harusi kuanzia Mtwara, Lindi, Masasi mpaka Newala, kila kimoja kina kinanda kimoja angalau, na kila kinanda kina siku ya kufa.

Kuhusu kutaja jina la duka, sitaji, msinilazimishe PM. Naishi mji huu, na meneja mtoto wake yuko darasani kwangu, anafanya vizuri tu.

Ninachoomba ni vitu viwili. Kwanza, mwenye kumjua fundi wa bodi za vinanda, wa kweli, si wa kubahatisha, awe Lindi au Masasi, aweke hapa. Wa sokoni kasema yeye mwisho wake redio na sabufa.

Pili, kwaya imechangishana tena. Safari hii imefika 640,000, tumeshatuma Kariakoo, mzigo unaingia stendi Ijumaa usiku. Yule kaka aliyekuwa anakaa kona ya vinanda, nimesikia uliacha kazi na sasa una kibanda chako cha kubandika vioo vya simu. Kama unapita humu, njoo stendi Ijumaa. Nauli ya bodaboda juu yangu. Adapta sitaichomeka mpaka uione.