Tupeane uzoefu: kupima kipenyo cha silinda na kukokotoa ujazo wa injini

Ndugu mafundi na wenye magari, naomba tukusanye hapa yaliyotupata tulipokuwa tukipima silinda, maana hapa Nairobi naona bloku nyingi (mwili wa injini wenye silinda) zikipelekwa kuchongwa, yaani kupanuliwa silinda, kwa kipimo kilichochukuliwa mara moja tu, mahali pamoja.

Naanza na langu. Nilifungua injini ya 5A ya Toyota 110 iliyokuwa ikila oili, nikaingiza vernia (rula ya chuma yenye meno ya kubana kitu kinachopimwa) kwenye mdomo wa silinda, nikasoma milimita 78.7, ambayo ndiyo standadi yake, yaani kipimo cha kiwandani, nikamhakikishia mwenye gari kwamba silinda ni nzima na kwamba ringi mpya (pete zinazozunguka pistoni) zingetosha. Baada ya majuma machache alirudi, moshi wa buluu ukimfuata. Nilichokuwa nimepima ni ule ukingo wa juu ambao ringi ya kwanza haiufikii na ambao, kwa sababu hiyo, hauliki. Ukipandisha ukucha ukutani utasikia unakwama hapo. Ulaji mkubwa huwa chini kidogo ya ukingo huo, pale ringi ya juu inapogeuzia mwendo wake, na meno ya vernia hayapimi huko ipasavyo. Tangu siku hiyo natumia saa ya kupimia silinda niliyoisawazisha kwa mikromita (kifaa cha kupimia sehemu ndogo sana za milimita), napima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Upande wa upana ndio unaosukumwa na pistoni, na ndio unaoifanya silinda iwe na umbo la yai.

Ujazo wenyewe ni hesabu fupi: kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara mwendo wa pistoni (umbali inaosafiri kutoka juu hadi chini), mara idadi ya silinda, kisha ugawe kwa 1,000 ikiwa ulipima kwa milimita. Kwa 78.7 na mwendo wa 77, silinda nne zinatoa cc (sentimita za ujazo) 1,498.

Mchangiaji wa Barabara ya Kirinyaga: Shukrani, fundi. Mimi niliuziwa bloku nikiambiwa ni ya 4A, yaani ya cc 1,600, nayo imejaa grisi na kutu kiasi kwamba maandishi hayasomeki. Nilipima mwendo wa pistoni, nikapata 77, nikaridhika na kulipa. Sikujua kwamba 4A na 5A zina mwendo uleule, na kwamba kinachozitenganisha ni kipenyo: 81 kwa 4A, 78.7 kwa 5A. Pistoni nilizokuwa nimenunua hazikuingia hata moja. Muuzaji hakukubali kurudisha pesa, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Mchangiaji wa Kariobangi: Sisi tunaotengeneza bodaboda tuna kosa letu. Kijana anayejifunza kwangu alipima Boxer ya 150, kipenyo 56 na mwendo 58.8, akaniletea cc 579. Alikuwa amezidisha kipenyo mara kipenyo kwa 3.1416 bila kugawa kwa nne, ilhali ile 0.7854 ndiyo 3.1416 iliyogawiwa kwa nne. Nilimketisha tukaifanya pamoja hadi tukapata 144.8, na sasa yeye ndiye anayewakagulia wenzake.

Mchangiaji wa Industrial Area: Msipime bloku ikiwa bado ina joto la kuoshwa. Chuma cha kusubu chenye kipenyo cha milimita 80, kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi, hutanuka kwa milimita 0.026 hivi, na hiyo ni sehemu kubwa ya nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta. Mimi huiacha ilale usiku kucha, na mikromita kando yake. Nina swali: kwa ujazo, nitumie kipimo kipi ikiwa silinda imeliwa?

Mwanzilishi: Swali zuri, ndugu yangu. Kwa ujazo tumia standadi, au kipenyo kipya baada ya kuchonga. Ulaji wa 0.10 kwenye 5A, hata ungekuwa sawasawa kutoka juu hadi chini, huongeza cc 4 hivi tu, ingawa kwa oili ni maafa. Hata ukichonga hadi oversize ya 0.50 (kipenyo kikubwa kuliko standadi kwa milimita 0.50) unafika cc 1,517, kwa hiyo mteja asiahidiwe nguvu mpya. Lakini unapochagua pistoni, fuata kipimo kikubwa kuliko vyote ulivyopata katika silinda zote nne, kwa sababu mashine ya kuchonga lazima ifute ulaji wa silinda iliyoharibika zaidi, na zile nyingine tatu zilingane nayo.