Kupanga sera za nakala rudufu: kanuni mbili zinapoigusa seva moja

Swali
Ndugu wataalamu, ninasimamia seva za hifadhidata, seva za faili na mashine pepe za majaribio (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine), na zote nimeziweka chini ya sera moja: nakala kamili kila usiku, inayotunzwa kwa siku 30. Hifadhi inakaribia kujaa, na kila ninapoongeza kanuni mpya kwa kutaja majina ya seva, najikuta seva moja imeangukia kanuni mbili zenye muda tofauti wa utunzaji. Nianzie wapi kuzipanga upya?

Jibu la kwanza
Anza na data yenyewe kabla ya kuigusa programu. Waulize wanaoitumia ni kazi ya muda gani wako tayari kuipoteza, na mfumo ukianguka wanaweza kuusubiri kwa muda gani. Ukitegemea nakala ya usiku peke yake, hifadhidata ikiharibika saa kumi jioni, kazi yote ya mchana imekwenda. Kama wahasibu hawawezi kupoteza zaidi ya dakika 15, basi kumbukumbu za miamala, yaani rekodi ya kila badiliko linalofanyika kwenye hifadhidata, zinakiliwe kila baada ya dakika 15, juu ya nakala kamili ya usiku. Mashine za majaribio zinatoshwa na nakala moja kwa wiki.

Jibu la pili
Naafiki, ila kwenye kanuni acha kabisa kutaja majina. Ipe kila seva lebo ya kundi lake, kisha kanuni isome lebo. Weka pia kanuni ya mwisho inayokamata kila mashine isiyo na lebo, kwa sababu inayosahaulika mara nyingi ni ile iliyowashwa jana. Kuhusu kugongana, kuna programu zinazofuata kanuni ya kwanza inayolingana na kuziacha zilizobaki, na kuna zinazotekeleza zote, hivyo seva ikanakiliwa mara mbili. Andika masharti yasiyoingiliana, usitegemee mpangilio wa orodha.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, nikihamia nakala za mabadiliko, zinazobeba tu kilichobadilika tangu nakala iliyotangulia, na kutunza siku 14, nafasi itatosha?

Jibu la tatu
Utapata nafuu, lakini si kwa kiasi unachotarajia. Nakala ya mabadiliko hairejesheki bila nakala kamili iliyoitangulia pamoja na zote zilizo katikati, kwa hiyo ukichukua nakala kamili kila Jumapili, mnyororo wa zamani, yaani nakala kamili na za mabadiliko zinazoifuata, kwa kawaida haufutwi mpaka nakala yake ya mwisho itimize siku 14. Tenga nafasi ya karibu wiki tatu. Faili iliyofutwa bila mtu kugundua huweza kutafutwa baada ya miezi, kwa hiyo tunza pia nakala ya kila mwezi kwa miezi 12.

Nakala moja ikae nje ya jengo, ikiwa imefungwa isifutike hata kwa akaunti ya msimamizi, maana wahalifu wanaofunga data na kudai fidia mara nyingi hutangulia kuzifuta nakala. Kufuli la namna hiyo, likiwekwa katika hali yake kali, muda wake huongezwa tu, haupunguzwi. Anza na siku 7, pima nafasi inavyoliwa, ndipo uongeze.