Merikebu ya mizinga 100 inapanda upepo kama boti ya mashine! Hii apdeti kaitunga nani?

Wakuu, jana kwenye gemu letu la merikebu za vita za matanga nusura nipasue kioo, na kompyuta yenyewe ni ya shemeji.

Nimeingia pambano na frigeti yangu, manowari ndogo nyepesi ya mizinga 36. Mbele yangu kuna jamaa na dude la sitaha tatu, mizinga 100. Ukikaa naye ubavu kwa ubavu umekwisha, hilo halina mjadala. Nikafanya tulichofundishana humu miaka yote: nikabisha (kupanda upepo kwa kwenda mshazari), nikabisha tena, dakika 40 natafuta joshi, yaani upande unakotoka upepo, huku bando linayeyuka. Nikalipata. Nikapunguza matanga, nikapakia risasi za mnyororo nimkatie kamba na foromali (boriti za kutundikia matanga), halafu nimzunguke nimmalizie shetrini, nyuma ya chombo.

Bwana yule akaelekeza omo, mbele ya chombo, kwenye upepo akanifuata. Matanga yamejaa, upepo unampiga usoni, na anakuja!

Jamani, merikebu ya matanga ya mraba haikaribii upepo zaidi ya nyuzi 60 na kitu. Ndiyo maana manahodha wa karne ya 18 walikuwa wanagombea joshi kutwa nzima: aliyelishika ndiye anayeamua vita ianze lini na kwa umbali gani. Tanga la jahazi linasogea karibu na upepo zaidi ya hapo, na bado wazee wetu hawakupanda kaskazini Kaskazi ikivuma, walingoja Kusi. Leo dude la mbao lenye sitaha tatu linafanya wasichothubutu wao.

Halafu shetri. Nimempiga hapo mara tatu, zote zimeingia, kapungua asilimia nne. Shetri ni madirisha na mbao nyembamba! Vita vya majini vya Trafalgar, 1805, Victory ya Waingereza ilipita nyuma ya Bucentaure ya Wafaransa ikafyatua mara moja kwa kila mzinga, risasi zikapita sitahani toka nyuma hadi mbele. Bucentaure haikupona pale. Hawa watengeneza gemu wetu wanataka shetri iwe ukuta wa ngome.

Nimeandika kulalamika, nikajibiwa kwamba wamerahisisha kwa ajili ya wachezaji wapya. Mchezaji mpya yupi? Dude lile linauzwa dukani kwa hela halisi, frigeti unaipata kwa jasho. Unganisheni wenyewe. Gemu hili lilikuwa la matanga, sasa naona tunalikalia matanga.

Na asije mtu hapa na "pingi yako (kasi ya mtandao kufika kwenye seva) mbovu, kaka". Mbovu ndiyo, niko Tanga na seva iko Ulaya. Pingi haigeuzi upepo.

Mwenye rekodi ya pambano la kabla ya apdeti aiweke tupime nyuzi. Na kama kuna aliyerudishiwa hela yake, aseme aliwaandikia nini, maana mimi wananijibu kwa vikatuni vya nanga.