Sufuria ya bia ya lita 50 kugeuzwa ya kukenekea mchaichai: kifuniko nikifungeje?

Mchaichai_Kisauni

Assalaam alaykum jamaa. Nina sufuria ya stenlesi ya lita 50, zile za wanaopika bia nyumbani. Kipenyo chake sentimita 40 na kimo vivyo hivyo. Chini ina koki ya inchi 1/2 iliyokazwa kwa nati na washa za mpira, haikuchomelewa. Ubavuni kuna tundu la kipimajoto, na mrija wa plastiki wa kuonyesha maji yamefika wapi. Ndani kuna sahani yenye matundu ya kuchujia shayiri, na hita ya umeme ya kilowati 2 karibu na kitako.

Nataka iwe ya kukenekea mafuta ya mchaichai, yaani kuyatoa kwa mvuke kisha kuupoza, na baadaye marashi ya mawaridi. Pombe simo kabisa. Kinachonisumbua ni kifuniko: ni bati jembamba lililokaa tu juu, na maji yakichemka mvuke unatoka pande zote.

Fundi wa kuchomelea anasema nimwachie atie pete bapa mdomoni, bolti 12 na gasketi ya mpira, iwe kama presha kuka. Nimkubalie? Tena, mrija wa shaba wa kupozea mvuke niliotajiwa ni wa inchi 3/8 kwa sababu ndio rahisi. Utafaa?

FundiPaipu

Waalaykum salaam. Usimkubalie, na huo wa 3/8 uache dukani. Mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Kifuniko cha sentimita 40 kina eneo la sentimita za mraba 1,257 hivi. Presha ya ndani ikizidi ya nje kwa sehemu moja tu ya mia ya bar (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida), kifuniko kinasukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 13. Ikifika sehemu moja ya kumi ya bar ni kilo 128. Presha kuka hufanya kazi karibu bar 1 juu ya hewa ya kawaida. Kwenye sufuria yako hiyo ni zaidi ya kilo 1,200 juu ya bati ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia. Sufuria ya bia haikutengenezwa kubeba presha. Kiwiliwili, kitako, tundu la koki, hakuna hata kimoja kilichopimwa kwa kazi hiyo.

Na huihitaji presha hiyo. Mafuta ya mchaichai hupanda na mvuke wa maji chini kidogo ya nyuzi 100, ingawa yakiwa peke yake huchemka juu ya 200. Kwa hivyo unachotaka ni mvuke usipite ukingoni, basi. Njia ya kwenda kwenye shaba iwe wazi kiasi kwamba mvuke hauna haja ya kutafuta njia nyingine.

Hapo ndipo mrija unapoingia. Hita ya kilowati 2 inatoa kama kilo 3 za mvuke kwa saa, na kilo 3 za mvuke ni lita 5,000 za ujazo. Mrija wa 3/8 una uwazi wa milimita 8 hivi ndani. Mvuke utakwenda mbio humo, utakwaruzana na kuta, na presha itarudi nyuma kwenye sufuria kiasi cha kuinua kifuniko kilichofungwa vizuri. Watu hulaumu gasketi wiki nzima na kosa liko kwenye mrija. Chukua wa inchi 1/2, ule laini wa mafundi wa AC, mpya, mita 4. Mrija uliowahi kufanya kazi kwenye friji usiutumie, umejaa mafuta ya kompresa. Kabla ya kuukunja koili ujaze mchanga mkavu na uzibe ncha zote mbili ili usibonyee, kisha uukung'ute na uusuuze sana.

Kutoka kifunikoni mpaka kwenye koili weka bomba la inchi 3/4 au zaidi. Toboa tundu katikati ya kifuniko, nipo ya stenlesi (kipande kifupi cha bomba chenye uzi) ipite, nati juu na nati chini, washa za PTFE (teflon) pande zote. Bati likiwa jembamba sana weka washa kubwa ya stenlesi ya sentimita 6 au 7 kila upande, la sivyo uzito wa bomba utalikunja na tundu litavuja. Bomba lenyewe lishikiliwe na kitu kingine, stendi au kamba ya juu, lisining'inie kwenye kifuniko.

Koili iteremke mfululizo kutoka juu hadi chini. Pakiwa na bonde hata moja maji yatatuama hapo, mvuke utayasukuma kwa vishindo, na kila kishindo kitapiga kifuniko.

Marashi_Mjini

Naongeza la kuziba ukingo, maana FundiPaipu amelipita.

Kwa mawaridi ziba kwa unga. Unga wa ngano na maji, ukande laini kidogo kuliko wa chapati, uusokote kama kamba nene ya kidole, uuzungushe mdomoni, kifuniko juu, ubonyeze. Joto linaukausha na kuuziba wenyewe. Palipopasuka unapaka kidogo kwa kidole kilicholowa. Ndivyo vyungu vya marashi vilivyozibwa zamani, na sababu bado ipo: unga hautunzi harufu. Ukimaliza unautupa.

Silikoni inatunza. Pete ya silikoni iliyokenekea mchaichai mara mbili tatu itatia mchaichai ndani ya mawaridi yako, na kuichemsha hakutasaidia. Ukitaka pete ya kudumu, chukua kamba ya silikoni ya chakula, uizungushie tepu nyeupe ya PTFE tabaka kadhaa mpaka silikoni isionekane, kisha ubane kifuniko kwa zile klipu nyeusi za ofisini, kubwa, kila baada ya sentimita 8. Ni klipu 16 hivi kwa mdomo wako. Zinatosha kuzuia mvuke, na njia ikiziba zinaachia kifuniko kiinuke. Hiyo ndiyo valvu yako ya usalama. Ukikaza kwa bolti umeiondoa.

Washa za mpira za koki zitoe zote. Mpira huo umenyonya bia, na mafuta ya mchaichai yatauvimbisha mpaka uoze. Weka za PTFE. Mrija wa plastiki ung'oe, tundu lizibwe kwa plagi ya stenlesi yenye uzi. La kipimajoto pia ziba, kwa kukeneka kwa mvuke kipimajoto hakikuambii chochote cha maana.

Mchaichai_Kisauni

Shukran sana nyote. Bolti nimeziacha. Sasa niulize: ile sahani ya shayiri inaweza kubeba mchaichai? Na maji ya kisima chetu yana chumvi, nikiyatumia kuchemshia kuna ubaya? Ya mfereji hayaji kila siku, na koili nayo inataka maji ya kupoza.

FundiPaipu

Sahani inafaa sana, lakini iinue. Iweke juu ya miguu ya stenlesi ili iwe angalau sentimita 5 juu ya maji. Majani yakigusa maji yanayochemka utapata harufu ya mboga, na yakiangukia hita yataungua na moshi utaingia kwenye mafuta.

Tia maji lita 12. Hita itatumia lita 3 kwa saa au pungufu kidogo, sehemu inadondoka tena kutoka kwenye majani, kwa hivyo kazi ya saa mbili itakuachia maji ya kuifunika hita. Pima kwanza: jaza maji lita moja moja mpaka hita izame na sentimita 3 juu yake, andika ni lita ngapi, na hizo usiziguse. Hita ikiwa kavu inaungua kwa dakika chache.

Kilowati 2 kwa umeme wetu wa volti 240 ni ampea 8 na kitu, plagi ya ampea 13 inabeba. Lakini waya wa ardhi uungwe kwenye mwili wa sufuria, na pawe na swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Sakafu ya kazi hii haikosi kulowa.

Maji ya kisima yasiingie ndani ya sufuria. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki na kuzidi ukali kadiri maji yanavyopungua, na chumvi ya moto ndiyo inayotoboa stenlesi vitundu vidogo, hasa kwenye viungo na chini ya washa. Hita nayo inaota gamba. Ndani tia maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua.

Ya kisima yapozee koili. Shaba itageuka kijani kwa nje, si neno, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi ukimaliza. Pipa la maji la lita 200 lenye koili ndani yake litapanda joto karibu nyuzi 9 kila saa kwa hita yako. Ukianza na maji ya nyuzi 28, baada ya saa mbili yako 45 na mafuta yanaanza kupotea na mvuke usiopoa. Maji ya moto hukaa juu, kwa hivyo yachote kutoka juu na uongeze ya baridi kwa mpira unaofika chini. Barafu ya wavuvi inasaidia lakini kilo 10 zinakununulia kama nusu saa tu, usizitie mwanzoni, ziweke kwa saa ya mwisho.

Kipimo ni mkono: kinachodondoka kiwe vuguvugu kidogo au baridi. Kikiwa cha moto, pipa limechoka.

Karafuu_na_Makonyo

Usitarajie chupa, ndugu yangu. Mchaichai mbichi hutoa mafuta kama gramu 2 hadi 5 kwa kilo. Sahani yako itabeba kilo 6 au 7, kwa hivyo mililita 15 hadi 30 ni kazi nzuri. Uanike kivulini siku moja unyauke, utaingia mwingi zaidi. Ukate vipande vya sentimita 5 na uupange sawasawa mpaka ukutani. Pakiwa na mwanya upande mmoja mvuke wote utapita hapo na majani ya upande wa pili yatatoka na mafuta yao.

Usijaze mpaka juu. Acha sentimita 8 chini ya kifuniko na weka wavu mdogo chini ya tundu la kutokea. Jani moja likivutwa likaziba tundu ndipo utajua klipu zina kazi gani.

Pokea kwa chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Mafuta ya mchaichai huelea, kwa hivyo maji ndiyo utakayoyatoa kwa chini kwa mrija. Karafuu ni kinyume, mafuta yake ni mazito kuliko maji na yanazama. Ukisikia kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, Pemba, ni mvuke huu huu, ila karafuu zinataka saa nyingi na ziwe zimepondwa. Usizijaribu kwenye sahani ya chuma cha kawaida, mafuta yatatoka meusi.

Mawaridi ni marashi tu, mafuta usiyatafute. Tani kadhaa za maua hutoa kilo moja. Na yale ya maduka ya maua yanapuliziwa dawa, hayafai. Asumini usiisumbue kabisa kwa mvuke, joto linaiua harufu yake. Ile ni ya kulaza kwenye mafuta.

Marashi_Mjini

Moja ambalo halijasemwa. Ncha ya koili isizame ndani ya chupa ya kupokelea, iwe juu ya maji kwa vidole viwili. Stima ikikatika katikati ya kazi, mvuke ulio ndani unarudi kuwa maji na nafasi inabaki tupu. Ncha ikiwa imezama, sufuria itayavuta marashi yote irudishe ndani. Na kama ungekuwa na bolti na ukafunga koki ya njia, hewa ya nje ingeikunja sufuria kama kopo. Usiweke koki yoyote kati ya kifuniko na chupa.

Mara ya kwanza keneka maji matupu kwa saa moja na uyamwage, yatatoka na mafuta ya kiwandani na harufu ya mrija mpya. Kabla ya hapo chemsha sufuria kwa maji na siki kuondoa gamba la bia, kisha usuuze.

Mchaichai_Kisauni

Nimenunua shaba ya 1/2, mita 4. Kesho maji matupu, na nitapitisha kijiko baridi ukingoni nione wapi panatoa jasho.

FundiPaipu

Kijiko ni sawa. Pakitoa jasho mahali pamoja, ongeza unga au klipu hapo. Pakitoa mdomo mzima, usiongeze klipu: zima, angalia koili kama ina bonde na tundu kama lina jani.