Mrejesho: kichwa cha treni ya modeli kilichokuwa kinasitasita

Wakuu, niliuliza kwa nini kichwa changu cha treni cha HO, kipimo cha 1:87 (yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi), kinasita na kuzima kikienda polepole. Mlisema ni uchafu, na kweli. Nilifuta reli kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, kisha nikakilaza kichwa cha treni chali, nikakipa umeme kidogo magurudumu yazunguke huku nikiyafuta kwa pamba. Utando mweusi uliotoka! Umeme wa mota hupitia magurudumuni, kwa hiyo utando ule ndio uliokuwa unaukata. Msasa sikugusa: mikwaruzo hunasa uchafu upesi zaidi. Giya nimezipa tone la mafuta yasiyoharibu plastiki. Sasa kinatambaa taratibu kabisa, raha kukitazama, ila kwenye swichi ya kubadili njia bado kinashtuka. Nashuku kiungio cha reli kimelegea, nitakibana kwanza. Asanteni sana.