Mjadala: Ukimsahihisha mtu Kiswahili mbele za watu, unamfunza au unamnyamazisha?

Mleta mada (Dar):
Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la mwanangu, mama mmoja aliandika: "Jamani, watoto wanakura saa tisa mchana, wengine wanasinzia kwa njaa." Haikupita dakika tano majibu yakamiminika. "Wanampigia kura nani?" "Kampeni zimeanza lini?" Vikaragosi vya kucheka hadi machozi vikajaa. Suala la chakula hakuna aliyeligusa. Kesho yake mama kajitoa kundini.

Nisijifanye mtakatifu, na mimi nilicheka. Usiku ndipo likaanza kunisumbua. Sote tulielewa kwamba watoto wanachelewa kula, hakuna hata mmoja aliyedhani wanapiga kura. Sasa tulikuwa tunasahihisha nini?

Halafu hii r na l si uvivu. Kikuyu, kwa mfano, hakina l kabisa. Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hiyo sikio lake halikuzoea kuzitenga, na mkono unaandika kile sikio linachosikia. (Wanaocheka "wanakura" wengi wao huandika "hasante" na "ela", ila tuyaache.)

Mimi nasema ujibu hoja kwanza. Neno likikuwasha sana, mfuate mwenyewe pembeni. Mnaonaje?

Mwalimu wa Kiswahili:
Dada, pole kwa huyo mama, lakini usitupake wote tope. Nimesahihisha insha miaka 18. Nikikuta "nyimbo moja" napiga mstari mwekundu, na sioni kwa nini kalamu niiache getini nikitoka shule. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa mwaka 1967, tena kwa sheria ya Bunge, kwa sababu lugha isiyo na msimamizi huwa ya kila mtu na kivyake. Leo "masaa" unalisikia hata kwa watangazaji, na ukiuliza unaambiwa "si umeelewa?" Mgombea akisimama jukwaani akasema "naomba kula yenu", hiyo nayo tuiite lafudhi?

Mwana wa Mvita:
Mwalimu, shikamoo. Nyumbani kwetu Mombasa twasema ndia, hatusemi njia. Mchanga kwetu ni mtanga. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita hichohicho mwanzoni mwa karne ya 19, na watu wakayahifadhi mashairi yake kifuani. Kisha ukaja mkutano wa 1928, tena papa hapa Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa vitabu vya shule. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia jambo hilo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikaa mezani, bibi yangu akaamka mkosefu kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Juzi nimesahihishwa "ndia" na kijana aliyekutana na Kiswahili darasani. Nilinyamaza, lakini si kwa kukubali.

Mwalimu wa Kiswahili:
Marahaba. Ila "ndia" ni lahaja na "wanakura" ni kosa. Tusivichanganye.

Wa Nakuru:
Kiswahili changu ni cha bara, najua mnakicheka, lakini kwa hili niko upande wa Mwalimu. Nilipohamia Arusha kikazi, kila asubuhi naingia mgahawani nasema, "Nipe chai na chapati mbili." Mwezi mzima yule mama ananihudumia amenuna. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenivuta kando: "Kaka, huku watu huomba. Sema naomba chai." Kwetu "nipe" haina ubaya wowote. Asingeniambia, hadi leo ningeonekana mtu asiye na malezi.

Lakini angeniambia palepale kaunta, foleni nzima ikisikia, ningehama mgahawa.

Mutu wa Lubumbashi:
Huku tunasema batoto. Mukicheka, na siye tunacheka, kisha tunaendelea.

Mleta mada:
Mwalimu, la mgombea nakupa. Bango la barabarani, tangazo la serikali, kitabu cha shule: hivyo sahihisha hadharani, tena kwa kalamu nene, maana aliyeandika amelipwa aandike vizuri. Mzazi anayechapa ujumbe akiwa amesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, hajalipwa na mtu.

Hapo kwenye lahaja na kosa ndipo ninaposhindwa kukufuata. Kimvita kina Muyaka wa kukitetea. Mama yule hana mshairi, kwa hiyo lake linaitwa kosa. Labda ni kosa kweli. Lakini waliomcheka hawakuwa wanalinda sarufi. Kama ni sarufi, mmoja wao angeandika "ni wanakula, mama" halafu akaendelea na hoja ya chakula. Hakuna aliyeandika hivyo.

Mwalimu wa Kiswahili:
Hilo la mwisho nalikubali. Kumcheka mtu si kumsahihisha, na mimi mwanafunzi akimzomea mwenzake namtoa nje. Kuhusu daladala bado nakataa.

Wa Nakuru:
Samahani, mwenye mada. Chakula kiliishia wapi?

Mleta mada:
Wazazi wawili walikwenda shuleni wenyewe kuuliza. Sasa wanakula saa saba na nusu. Mama hajarudi kundini, na mimi namba yake ninayo, sijampigia.