Naomba ushauri: mdogo wangu anasubiri "mlango ufunguke"

Wakuu, habari za saa hizi. Nakaa na mdogo wangu Mbagala Rangi Tatu, ana miaka 27. Tangu duka alilokuwa anauza Kariakoo lifungwe, ni mkesha Ijumaa, mfungo Jumatatu, mchana amelala. Nikimwambia tukatafute kibarua: "Kaka, bado sijapata kibali cha Mungu." Kodi mimi, unga mimi.

Sipingi maombi, hata mimi nasali. Lakini mtume Paulo alishona mahema kule Korintho huku anahubiri! Na jirani yetu mama ntilie, sala ya alfajiri haimpiti, saa kumi na mbili moto umeshawaka. Huyo imani inamsukuma. Huyu wangu naona anajificha, ila naogopa kumvunja moyo, lile duka lilimuuma sana. Nimwambieje?